Kutambua Bakteria wa Maambukizi Makali ya Koo: Maabara za Tabora na Tatizo la Damu ya Kondoo



1. Umuhimu

Mambo haya tunayajua, nitapita haraka. Mafindofindo mengi husababishwa na virusi. Kwa watoto wanaoumwa koo, takriban asilimia 20 hadi 30 huwa na Streptococcus pyogenes, yaani streptokoki wa kundi A. Mtoto asipotibiwa, bakteria huyu huweza kuleta jipu la koo, au homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Dondakoo limekuwa adimu kwa sababu ya chanjo, ila Nigeria ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2023. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji; leo ni njia panda ya reli za Kigoma na Mwanza. Ugonjwa unaosafiri na watu utapita hapa.

2. Tatizo lenyewe: damu

Streptokoki huyu hutambuliwa kwa kuoteshwa kwenye agari yenye damu. Baada ya saa 18 hadi 24 kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, huyeyusha chembe nyekundu na kuacha duara angavu. Kidonge cha basitrasini huongeza ushahidi, na kipimo cha makundi aliyoyaainisha Rebecca Lancefield mwaka 1933 huthibitisha.

Yote hayo yanategemea damu ya kondoo. Maabara moja ninayoifahamu imetumia kwa miaka damu ya binadamu iliyokwisha muda. Damu hiyo huweza kuwa na kingamwili dhidi ya streptokoki, mabaki ya antibiotiki, na sitrati inayozuia ukuaji. Tena humo huota Haemophilus haemolyticus, mkazi wa kawaida wa koo, naye huacha duara lilelile. Damu ya kondoo humzuia. Kwa hiyo tunamkosa tunayemtafuta na kumwandika asiyehusika, kisha jibu linatoka na mhuri.

Nasema haya bila kunyooshea ofisi yoyote kidole. Lakini huu ni mkoa wa wafugaji! Kondoo wanapita barabarani Igunga na Nzega, nasi tunaambiwa kondoo hana kasma katika bajeti ya maabara: kitendanishi kinanunuliwa, mnyama hanunuliki. Ukienda idara ya mifugo, unaambiwa shughuli hiyo ni ya afya.

Hesabu ni ndogo. Kondoo mzima wa kilo 30 anaweza kutoa mililita 150 akabaki salama. Damu hutikiswa na shanga za glasi hadi faibrini itoke, kisha huchanganywa kwa asilimia 5 kwenye agari iliyopoa hadi nyuzi 50. Hapo tumepata lita 3, yaani sahani 150 za mililita 20.

3. Sampuli inayochelewa

Mtoto huanzia duka la dawa kwa amoksilini nusu dozi, au kwa mkata kimeo. Akifika kwetu, bakteria ameshafifishwa na jeraha limeongezeka. Na bakteria akipatikana akiwa hai, penisilini bado inamuua: ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi.

4. Mapendekezo

(a) Halmashauri ziweke kasma ya kondoo wa maabara na malisho yake.
(b) Idara za afya na mifugo ziandikiane makubaliano. Daktari wa mifugo ndiye atoe damu.
(c) Damu ya binadamu iliyokwisha muda isitumike kuotesha sampuli za koo.
(d) Kipamba kipitishwe kabla ya antibiotiki, kwenye tezi zote mbili na ukuta wa nyuma, bila kugusa ulimi.
(e) Mtoto anayetokwa na udenda na kukoroma akivuta pumzi asiguswe koo; apelekwe hospitali haraka.
(f) Akishukiwa dondakoo, maabara iarifiwe kabla ya sampuli kufika ili iandae agari ya teluriti, na matibabu yasisubiri jibu.
(g) Wauza dawa na wakata kimeo waelimishwe, wasitishiwe tu.
(h) Kila maabara ijipime kwa streptokoki anayejulikana kila inapotengeneza sahani mpya.
(i) Kasma ya kondoo, iliyotajwa katika (a), ianze na bajeti ijayo. Bila hiyo, (c) na (h) zitabaki kwenye makaratasi.