Usajili Usiwe Butura

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha kila wiki.)



Leo naomba tuzungumze juu ya usajili wa wachezaji wa kandanda, na hasa usajili wa Kagera Sugar. Najua wapo watakaouliza: timu ile ni ya kiwanda, kiwanda kiko Missenyi, uwanja wa Kaitaba uko Bukoba mjini, sasa sisi wa Nyakatuntu yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Jina lililoandikwa kifuani mwa wachezaji wale ni jina la mto, na mto huo unapita kwetu Kyerwa kabla haujafika kwenye miwa yao. Tena timu inapocheza, redio zinazofunguliwa huku migombani si chache kuliko zile za mjini.

Mwaka 2025 timu hii ilishuka daraja. Ilishuka pamoja na KenGold ya Mbeya, baada ya kukaa katika Ligi Kuu kwa takriban miaka 20. Wengine walilia, wengine wakawasema waamuzi, wengine wakasema timu imerogwa. Mimi nasema timu haikushuka mwaka 2025. Ilianza kushuka mwaka 2017, na ilishukia mlango wa usajili.

Wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa wanaijua vizuri biashara ya butura. Kwa faida ya wale wa mbali, nieleze. Mkulima ana shida: mtoto anatakiwa shuleni, au mgonjwa yuko hospitali. Kahawa bado ni maua, au ndiyo kwanza imeanza kushika punje. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, anamlipa mkulima bei ya kutupwa, na toka siku hiyo kahawa ile ni ya mwenye fedha. Mkulima ataipalilia, ataiangalia ikiiva, atamwona mwenziwe akija na magunia kuichuma. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu shida haisubiri mavuno.

Sasa tazameni timu yetu. Katika msimu wa 2016/17, chini ya kocha Mecky Maxime, Kagera Sugar ilimaliza ligi ikiwa ya tatu. Ya tatu, ndugu wasikilizaji, nyuma ya Yanga na Simba, na mbele ya Azam yenye uwanja wake, hosteli zake na fedha zake. Mshambuliaji aliyetikisa nyavu sana msimu ule alikuwa kijana Mbaraka Yusuph, ambaye Simba walimwacha aende zake. Ligi ilipokwisha, Mbaraka akaenda wapi? Akaenda Azam, timu ile ile tuliyoiacha nyuma. Msimu uliofuata hatukuikaribia tena nafasi ya tatu.

Mwaka 2020 Zawadi Mauya akaondoka kwenda Yanga. Mwaka huo huo Awesu Awesu akaondoka kwenda Azam. Mwaka 2021 Yusuph Mhilu, mfungaji wetu, ambaye naye alitoka Yanga bila kuvuma sana, akaondoka kwenda Simba. Angalieni mpangilio wake: kiungo, kiungo, mshambuliaji. Huo ni uti wa mgongo wa timu, na uling'olewa katika miezi kumi na miwili tu.

Simlaumu mchezaji hata mmoja kati ya hao. Maisha ya mchezaji mpira ni mafupi, goti likivunjika hakuna pensheni, na kijana akiitwa Kariakoo akatae awe nani? Mimi mwenyewe ningekwenda, na ningekwenda mbio. Ninachouliza ni swali la mkulima: shamba lilibaki na nini?

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mashabiki wengi hatulizingatii. Sheria za FIFA zinaruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu katika mkataba wake kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Sheria hizo hizo zinaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano, na miaka mitatu kwa kijana ambaye hajafika umri wa miaka 18. Lakini klabu nyingi za kwetu zimezoea mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Hesabu ni nyepesi. Ukimsajili kijana kwa mwaka mmoja mwezi wa saba, anapofika mwezi wa kwanza, ambapo ndiyo kwanza ameanza kuzoeana na wenzake, tayari yuko huru kuzungumza na mtu mwingine. Wewe unamlisha, unamtibu, unamfundisha, na mwenye magunia anasubiri tu iive. Hiyo ni butura, na katika butura hii hata ile bei ya kutupwa mwenye shamba haipati, kwa kuwa mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bure.

Majuzi nilikuwa sokoni Nkwenda, nikakuta ubishi juu ya jambo hili hili. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akibishana na mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, Mwalimu, lakini kwa hili sikubaliani nawe," alisema kijana. "Ligi haitaki watoto. Wakusanywe watu wazima walioachwa na timu kubwa, waletwe Kaitaba, basi."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. "Na mwakani watu wazima hao wakichoka, utawaleta wengine? Na mwaka unaofuata?"

Watu walicheka, lakini kijana hakuwa amesema upuuzi. Ushahidi wake anao, nao ni mzito. Tarehe 19 Mei 2018, Simba walikuwa wamekwisha kutwaa ubingwa, na hawakuwa wamefungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima. Uwanja wa Taifa ulifurika, Rais Magufuli alikuwepo kukabidhi kombe. Wageni waalikwa katika sherehe hiyo walikuwa Kagera Sugar. Dakika za mwisho Edward Christopher akafunga kwa kichwa. Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akapiga, Juma Kaseja akaidaka. Bao moja kwa bila, na sherehe ikaingia mchanga. Edward Christopher alilelewa Simba, wakamwacha. Kaseja alidakia Simba miaka mingi, wakamwacha. Wawili walioachwa ndio walioharibu shughuli ya watu.

Kwa hiyo kuokota walioachwa si dhambi, na Kagera Sugar wamekuwa na jicho zuri katika kazi hiyo. Hata Mbaraka na Mhilu waliokotwa hivyo hivyo.

Lakini nikamkumbusha yule kijana jambo jingine. Msimu wa 2018/19 Kagera Sugar waliwafunga Simba, mabingwa wa msimu huo pia, mara mbili: mabao 2 kwa 1 hapa Kaitaba mwezi Aprili, na 1 kwa bila Dar es Salaam mwezi Mei. Nani mwingine alifanya hivyo? Na pamoja na yote hayo, msimu ulipokwisha timu ilijikuta ikicheza mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza ili isishuke. Unamfunga bingwa nje na ndani, halafu unatetemeka mbele ya timu ya daraja la chini! Watu wazima wana mchezo wao mmoja mkubwa, wanapotaka kumwonyesha aliyewaacha kuwa alikosea. Lakini ligi ni mechi za Sumbawanga na Songea, ni basi la usiku kucha, ni kiwanja chenye matope na watazamaji mia mbili. Huko hakuna wa kumwonyesha. Huko anatakiwa kijana mwenye njaa na mapafu.

Msimu ule wa 2024/25 ulioiteremsha timu ulikuwa na balaa jingine, nalo ni makocha. Ulianza na Mganda Paul Nkata, akaja Mmarekani Melis Medo, ukamalizikia mikononi mwa Juma Kaseja, yule yule wa penalti ya Okwi. Kila kocha ana macho yake. Mmoja anataka mabeki warefu, mwingine anataka mawinga wenye mbio, wa tatu anarithi vyote na havishonani. Ni sawa na kuwakabidhi mafundi watatu nyumba moja, kila mmoja akaja na matofali ya kipimo chake.

Mtu atasema, mbona Mtibwa Sugar nao walishuka mwaka 2024? Ni kweli. Nao ni watu wa miwa kama sisi, na mabingwa wa nchi wa miaka ya 1999 na 2000. Nao walionja butura: mwaka 2016 Simba waliwachukua Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim kwa mkupuo mmoja. Lakini Mtibwa waliposhuka walikaa msimu mmoja tu huko chini, na mwaka 2025 wakarudi wakiwa mabingwa wa Championship. Walipokuwa wanapanda, sisi tulikuwa tunashuka. Tulipishana nao ngazini.

Kushuka daraja si aibu tu, ni hasara. Mwaka 2021 Azam waliingia mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225, na fungu nono la fedha hizo ni la walio Ligi Kuu. Timu ikiwa nje ya ligi hiyo, kiwanda ndicho kinachofungua mkoba, na mhasibu wa kiwanda huuliza maswali ambayo shabiki hayaulizi.

Basi timu inahitaji nini? Mimi nitataja yale ninayoyaona, na mwenye mengine ayaseme.

Kwanza kabla ya kununua yeyote, viongozi wakae chini mwezi Desemba, siyo Juni, wapitie mikataba yote. Wale watano au sita ambao timu haiendi bila wao, yaani mlinda mlango, beki wa kati, kiungo na mfungaji, waongezewe miaka wakati bado wana mwaka mzima mkononi. Ikiwa Simba au Azam wanamtaka mmoja wao, vema, waje na hundi. Fedha hiyo imnunue mrithi wake, isiende kulipia madeni ya hoteli.

Halafu kuna suala la wageni. Ligi Kuu iliruhusu hadi wachezaji 12 wa kigeni kwa timu moja, na sisi tuko jirani na Uganda kuliko klabu nyingine yoyote kubwa. Kutoka Murongo, ukivuka daraja, Mbarara ni karibu kuliko Mwanza. Mchezaji mzuri wa Uganda anaweza kuja kwa nauli ya basi. Sikatai. Ila mgeni asipolipwa haendi kulia kwa mwenyekiti wa mtaa, anakwenda FIFA, na tumeona klabu ngapi za nchi hii zikifungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya mchezaji au kocha wa kigeni. Wachukuliwe wawili watatu wa uhakika, wanaolipika.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Katika majina yote niliyoyataja leo, ni nani aliyeokotwa Isingiro, Kaisho, Mabira au Kayanga? Mashindano ya shule yanachezwa, ligi za wilaya zinachezwa, vijana wanakimbia juu ya milima hii wakiwa na vikapu vya kahawa kichwani, na pumzi wanayo. Lakini majaribio hutangazwa mjini. Kijana wa Nyakatuntu anayetaka kwenda Kaitaba inambidi ashuke kwa barabara ya vumbi hadi Omurushaka, akamate lami ya Kyaka, kisha Bukoba, alale kwa ndugu kama anaye, acheze dakika 20 mbele ya mtu aliyechoka, arudi. Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya kilo nyingi za maganda ya kahawa. Mzazi gani ataitoa?

Mtu mmoja wa ufundi, pikipiki moja na daftari vingetosha kuzunguka Karagwe, Kyerwa na Ngara kwa mwezi mzima wa sita, wakati wa mavuno, vijana wote wakiwa nyumbani. Gharama yake ni ndogo kuliko mshahara wa beki mzee mmoja. Na kijana wa miaka 17 akisaini miaka mitatu, halafu akaongeza mingine, huyo hakuna atakayemchuma akiwa maua.

Viongozi wa timu, kama mnatusikiliza, tangazo la majaribio likitoka libandikwe Nkwenda na Kayanga pia, katika ofisi za kata na vituo vya kununulia kahawa, na litaje wazi nauli italipwa na nani.