Nyumba ya Babu na Malipo ya Pili

(Maneno yaliyosemwa na Katibu mbele ya wanachama wa Namswea, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya nyumba. Wasemaji waliotutangulia wameeleza vizuri habari za mizani, maghala na bei, wala hatuna la kuongeza katika hayo. Lakini mkulima hauzi kahawa kwa ajili ya kuuza tu. Huuza ili apate kitu, na kitu cha kwanza anachokitazama mgeni akifika huku Umatengo ni paa. Basi tutasema habari za nyumba moja iliyoko hapa Namswea, ambayo twaijua kuliko nyingine kwa kuwa twalala ndani yake. Tutasema "sisi" muda wote, maana ni mume, mke, mama mzazi, wadogo zetu na watoto, wala hakuna hata mmoja wetu awezaye kusema kwamba kazi ile aliifanya peke yake.

Nyumba hii ilijengwa na babu mwaka 1968, kwa matofali mabichi na paa la nyasi. Chumba cha mbele alikifanya kikubwa mno, hatua kumi kwa sita, kwa sababu ya sengu. Vijana waliopo hapa huenda wamelisikia neno hili tu bila kuona jambo lenyewe. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mzee wao, kila mke akileta chakula alichokipika, na hapo hapo mashauri yakakatwa na watoto wakafundwa adabu. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kufifia babu alipojenga, lakini yeye hakukubali kuiona ikififia. Alijenga chumba cha kutosha watu thelathini, na nyuma yake akaweka vyumba viwili vidogo vya kulala, kana kwamba kulala lilikuwa jambo la kukumbukwa mwishoni.

Mtu ajuaye habari za kahawa aweza kuzisoma katika kuta zetu. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, bei ikapanda duniani kote hata ikafika kileleni mwaka 1977. Mwaka huo huo babu aliezua nyasi akaezeka mabati. Wakati ule vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimekwisha kuvunjwa, mwaka 1976, hivyo mabati yale yalikuja katika neema ambayo ushirika haukuwapo kuiona. Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya mgao wa kahawa yalivunjika na bei ikaanguka vibaya. Baba alikuwa ameanza chumba cha tatu upande wa nyuma; kilisimama kwenye kozi ya saba, nasi tukakua tukipanda juu ya kuta zile kama watoto wapandavyo mapera. Mwaka 1994 baridi iliirudia Brazili, nasi tukapata sakafu ya saruji chumba cha mbele. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia, vyama vikuu vingi nchini vikalemewa na madeni, na kuanzia hapo kwa miaka ishirini hakuna aliyeongeza tofali hata moja.

Baba alifariki mwaka 2014, nyumba ikatujia sisi. Tuliita fundi mwashi aje kuitazama. Aliuchoma ukuta wa upande wa mlimani kwa kidole, kidole kikaingia. Akasema, "Bomoeni, mjenge upya." Tulipiga hesabu usiku kucha. Kubomoa kulihitaji fedha za misimu minne zikae mahali pamoja bila kuguswa, na nani kati yetu amewahi kuona fedha za misimu minne zikikaa mahali pamoja? Tena mama alisema maneno yaliyomaliza shauri: kama tutabomoa, yeye atalala wapi masika, na mbele ya nani?

Ndipo tukakubaliana kuibadili nyumba tukiwa ndani yake, ukuta mmoja kila mwaka. Tunaeleza namna yake kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi wametuuliza.

Kwanza tulichimba mtaro. Mababu zetu walikuwa mabingwa wa kuyatuliza maji mlimani. Ngolo zao zimeushika udongo wa milima hii kwa zaidi ya miaka mia, na wageni wenye elimu kubwa wamekuja kuzipima. Lakini mababu hao hao waliyaacha maji ya mteremko yapige ukuta wa nyumba kila masika bila kuyazuia. Hatujui kwa nini. Mtaro ule haukutugharimu ila majembe na siku tatu, na ukweli ni kwamba ndio uliookoa nyumba kabla ya tofali la kwanza kuchomwa.

Halafu matofali. Hapa pana shida ambayo mtu wa mjini hawezi kuijua: miezi ya kufyatua matofali ndiyo miezi ya kuchuma kahawa. Kuanzia Juni jua limetulia na udongo wakauka vizuri, lakini Juni hiyo hiyo matunda ya kahawa huanza kuiva, nayo hayamsubiri mtu. Mwaka wa kwanza tulijaribu kufanya yote mawili mchana, tukaharibu yote mawili. Kahawa ililala kwenye magunia bila kumenywa, ikachachuka, na matofali yakapasuka. Mwaka wa pili tulijiwekea sheria ya matofali arobaini kila jioni baada ya kumenya, yasiongezwe wala yasipunguzwe, na watoto ndio waliohesabu. Mwezi wa Septemba tulikuwa na ya kutosha tanuru moja. Kuni tulizipata kwa mikaratusi miwili na mashina ya mibuni mizee tuliyoikata ili ichipue upya, hata tukasema kwamba babu mwenyewe ametuchomea matofali, maana mibuni ile ndiye aliyeipanda.

Ukuta wenyewe hubadilishwa hivi. Boriti za paa huegemezwa kwa nguzo za mikaratusi zilizokazwa kwa kabari, nguzo moja kila hatua moja na nusu. Ukuta wa zamani hubomolewa kutoka juu kuja chini, msingi huchimbwa na kujazwa mawe, kisha matofali ya kuchoma hupandishwa kwa timazi na pima maji mpaka yaikute boriti. Siku ya kuondoa nguzo hakuna anayezungumza. Tuliutanguliza ukuta wa mlimani, mwaka 2015, na wa pili ukafuata mwaka 2016.

Shauri gumu lilikuwa chumba cha mbele. Watoto walikuwa wanne, wakilala pamoja na mahindi katika chumba kimoja, huku chumba cha watu thelathini kikikaa kitupu isipokuwa siku za msiba. Tulitaka kukigawa kwa ukuta. Baba mkubwa alipopata habari alikuja asubuhi na mapema, akakataa kuketi, akasema, "Hii si nyumba yenu. Ni nyumba ya ukoo, nanyi mmewekwa kuilinda." Hatukumjibu siku ile, maana mkubwa hajibiwi akiwa amesimama. Jumapili iliyofuata tulimwandalia chakula katika chumba kile kile, tukawaita na baba wadogo, tukawaacha watoto wachukue magodoro yao wayatandike hapo usiku, wazee wakiwa bado wanaongea. Mzee aliwatazama kwa muda mrefu. Mwishowe alitoa sharti moja: ukuta usifike mpaka mwisho, ubaki mlango mpana wa kufunguka pande mbili, ili siku ya msiba chumba kiwe kimoja tena. Mlango huo upo. Umefunguliwa mara tatu tangu hapo, na mara ya tatu ilikuwa kwa ajili yake yeye mwenyewe.

Baada ya mazishi hayo ndipo tulipoelewa jambo lingine. Maneno ya wazee hufa pamoja na wazee. Mke aliyechota maji ya tofali kwa miaka yote hiyo hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake, wala mama hakuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja. Tulikwenda ofisi ya kijiji tukaomba iandikwe hivyo. Wako wanaume waliotucheka. Twawaomba wafikirie wajane wanaowajua kwa majina, kisha wacheke tena kama wataweza.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tunafika kwenye sehemu ambayo tungependa kuiruka. Mabati ya mwaka 1977 yalikuwa yametoboka. Mwezi wa Februari 2017 mvua ilimnyeshea mama kitandani usiku mmoja, akahamisha kitanda, akanyeshewa tena. Hatukuwa na fedha, wala hakuna mkulima mwenye fedha mwezi wa Februari. Malipo ya kwanza yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye ada na mbolea, na malipo ya pili yalikuwa bado. Akaja mtu, akatupa fedha za mabati hamsini na nne siku ile ile, kwa ahadi ya kahawa ya msimu ujao. Ninyi nyote mwajua jina la biashara hiyo: magoma. Bei aliyotukadiria kwa kila gunia haikufika nusu ya bei tuliyokuwa tumelipwa na Chama msimu uliopita.

Mmoja wetu wakati huo alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi, naye ndiye asemaye hapa leo. Mchana alisimama kwenye mizani akiwaonya wenzake juu ya magoma. Usiku wa Agosti alibeba magunia ya nyumbani kwake, taa ikiwa imezimwa, akayapeleka kwa mwenye deni. Msimu ule kitabu chetu katika Chama kilikuwa na gunia moja tu. Kwa hiyo malipo ya pili hayakuwapo, mbolea haikuwapo, na mwaka 2018 mibuni ilizaa majani. Ukuta wa tatu uliotakiwa kujengwa mwaka 2017 ulijengwa mwaka 2020. Mvua iliponyesha juu ya mabati mapya, mke alisema, "Sikieni, mvua inapiga kwenye bati la mwenyewe." Hatukumwuliza mwenyewe ni nani.

Tuliyasema haya katika mkutano wa wanachama mwaka 2018, bila kuulizwa na mtu. Tuliondolewa kwenye mizani kwa msimu mmoja, na ilikuwa haki. Mkutano ule ule ulimrudisha karani kazini mwaka uliofuata, na baadaye ukampa kalamu hii ya ukatibu, labda kwa kuwa alikwisha kuujua ubaya huo kwa ndani.

Twawaambia haya viongozi wetu kwa heshima zote. Katika mikutano yetu twabishana sana juu ya ukubwa wa malipo ya pili, iwapo yatazidi kwa shilingi hamsini au mia katika kilo. Sisi twaona siku yake ni kubwa kuliko kiasi chake. Malipo ya pili yakifika Novemba, kabla ya mvua kushika, yanakuwa bati, saruji na mlango. Yakifika Machi hukuta kahawa ya msimu ujao imekwisha kuuzwa ikiwa ua, naye aliyeinunua yuko barabarani akisubiri. Twajua kwamba mnada una siku zake na benki ina taratibu zake. Hata hivyo Chama kinaweza kumwambia mkulima tarehe mapema na kuishika, na kama hakiwezi kuishika, kimwambie hilo pia kabla ya Krismasi. Mtu anayejua kwamba fedha zitakuja tarehe fulani huweza kuweka beseni chini ya tundu la bati na kungoja, lakini asiyejua hutoka nje kwenda kutafuta mtu.

Ukuta wa nne tuliumaliza mwaka 2021. Jiko tumelitoa nje, na macho ya mama yamepona moshi. Mwaka 2023 tulirudi kwenye chumba cha tatu cha baba, tukazipima zile kozi saba za mwaka 1989 kwa timazi, tukakuta zimenyoka kuliko zetu. Hatukuzibomoa, tumejenga juu yake. Mama ndiye atakayehamia humo, kwa kuwa lipo jua la asubuhi. Kumebaki dirisha. Seremala amekwisha kupima na mbao ameziandaa, nasi tumemwambia aje wiki moja baada ya malipo ya pili. Amekwisha kuja kuuliza mara mbili.