Majina Yasiyoandikwa



Hapa kwetu chini ya Mlima Meru hatuna bahari. Maji makubwa tuliyoyazoea ni Ziwa Duluti, nalo mtu hulizunguka kwa miguu na kurudi shambani. Hata hivyo, leo tuzungumze habari za watu waliozama.

Kule Mwanza, mahali paitwapo Igoma, pana makaburi na mnara wa kumbukumbu. Wamelazwa pale abiria wa meli ya MV Bukoba. Meli hiyo ilipinduka katika Ziwa Victoria asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Ilitoka Bukoba, na Mwanza haikuwa mbali tena. Tumbo la meli lilibaki juu ya maji. Watu waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Kumbe hewa ya ndani ndiyo iliyoishikilia meli isizame! Hewa ikatoka, maji yakaingia, meli ikaenda chini. Rais Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo.

Sasa tusikilizane vizuri. Walikufa wangapi? Wapo wasemao zaidi ya 500, wapo wasemao zaidi ya 800, na wengine hufikisha 1,000. Kwa nini hesabu zinapishana hivyo? Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Na daraja la tatu hupanda nani? Si ndio sisi, wenye mikungu ya ndizi na watoto mgongoni?

Sisi wa Arusha uchungu huo tunaujua. Mei 2017 tulijaa uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga watoto wetu walioanguka na basi kule Karatu. Lakini wale kila mmoja aliitwa kwa jina lake.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere nacho kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Basi wiki iliyopita darasani tuliandika majina kamili ya watu wa nyumba zetu, pamoja na kijiji na kitongoji. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, na huyu mchanga wa wiki mbili naye?" Tukamjibu aandike. Akaandika polepole, akafuta mara moja, akaandika tena.