Je, Anwani ya Kadi ya Mtandao Hubadilika?

Mhadhara wa umma uliotolewa Lodwar



Swali la jioni hii ni fupi. Kila kadi ya mtandao, iwe ya simu, ya laptopu au ya ruta, hutoka kiwandani na anwani yake, ile tunayoiita anwani ya MAC. Je, yaweza kubadilika? Jibu langu ni ndiyo, tena kwa urahisi. Nimeliona linafaa mhadhara mzima kwa sababu kati ya hapa na Kakuma, kilomita 120 hivi za barabara, wako watu wanaouziwa intaneti kwa kutambuliwa kwa anwani hiyo, na ikibadilika hela zao hupotea.

Tuanze na ilikotoka. Katika miaka ya sabini watafiti wa kampuni ya Xerox huko California waliunganisha kompyuta zao kwa waya mmoja, kila mashine ikapewa anwani ya biti 8 iliyowekwa kwa mkono. Biti 8 hazitoshi hata mashine 300. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilipochapisha kanuni za Ethernet, yaani za mtandao huo wa waya, zilipanua anwani hadi biti 48, yaani zaidi ya trilioni 281. Zilitaka fundi anunue kadi, aichomeke popote duniani, asilazimike kumwuliza yeyote ataipa nambari gani. Leo taasisi ya wahandisi ya IEEE ndiyo inayowagawia watengenezaji mafungu ya anwani. Kwa kawaida nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji, ya pili huitofautisha kadi na nyingine alizotengeneza.

Hapa Turkana hilo halina haja ya maelezo marefu. Kila ukoo, kila emachar, una chapa yake ya mifugo, na ajuaye chapa hutambua ngamia ni wa nani kabla ya kumwona mchungaji. Ila chapa ya mnyama imo kwenye ngozi yake. Anwani ya kadi haikai pale watu wanapodhani.

Inakaa mahali pawili. Ile ya kiwandani imeandikwa kwenye chipu ya kumbukumbu iliyo kwenye kadi. Mashine ikiwashwa, draiva, programu inayoiendesha kadi, huisoma na kuinakili kwenye rejista ya kadi, na nakala hiyo ndiyo inayotiwa kwenye kila fremu, yaani kifurushi cha data, inayotumwa. Mfumo endeshi ukiandika nambari nyingine kwenye rejista, kadi itaitumia hiyo mpya.

Tuseme kadi ya laptopu hii ilitoka kiwandani na 00:00:5E:00:53:1F. Hiyo ni nambari iliyotengwa kwa ajili ya mifano, nisije nikaanika ya mtu. Kwenye Linux naizima kadi kwa amri moja, naiandikia 02:00:5E:00:53:1F, naiwasha. Ruta iliyo ukutani sasa inaona mashine ngeni na kuihesabu upya. Kama ilikuwa imenifungia kwa MAC yangu, nimefunguliwa. Nikiizima laptopu na kuiwasha tena, ile ya kiwandani inarudi, maana chipu haikuguswa. Ziko kadi ambazo hata chipu yake huandikika upya, lakini ni nadra mtu kuhitaji kufika huko.

Iangalieni ile 02. Katika baiti ya kwanza, biti ya pili kutoka kulia ni alama iliyowekwa na kanuni zenyewe. Ikiwa 0, anwani imegawiwa kupitia mtengenezaji. Ikiwa 1, imepangwa na msimamizi wa mashine au programu yake. Kwa hiyo ukikuta tarakimu ya pili ya anwani ni 2, 6, A au E, karibu kila mara unatazama anwani ambayo haikutoka kiwandani. Nafasi hiyo iliachwa makusudi. Mitandao ya DECnet ya kampuni ya Digital, ya miaka ya themanini, iliiandikia kadi anwani nyingine inayoanza na AA-00-04-00, kwa sababu ndivyo programu yake ilivyotaka kufanya kazi.

Siku hizi simu zenyewe ndizo zinazobadilisha, na zina sababu nzuri. Mwaka 2013 jijini London yaligunduliwa mapipa ya taka yaliyofungwa vifaa vya kunasa anwani za MAC za simu za wapita njia, hivyo mtu akaweza kufuatwa mtaa kwa mtaa bila kujua. Mwaka 2014 simu za Apple zikaanza kutumia anwani za kubahatisha zinapotafuta waifai. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, na iOS 14 ya mwaka uliofuata, simu hutumia anwani tofauti kwa kila jina la mtandao, mwenyewe asiombe wala asiambiwe.

Sasa twendeni Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, na vijana wa humo humo, wakiwemo wa Kakuma Ventures, wamewafikishia majirani waifai ya jamii. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini fikirini kibanda chochote cha waifai, kiwe cha Kakuma au cha hapa Lodwar, chenye ruta ya bei nafuu. Mama ananunua bando la wiki. Mwenye kibanda anaandika MAC ya simu yake kwenye orodha ya walioruhusiwa. Kesho yake mama yuko upande wa pili wa soko, kwenye ruta nyingine ya mwenye kibanda huyo huyo yenye jina lingine. Simu inatoa anwani nyingine, naye anakataliwa. Au simu imeharibika skrini, ameazima ya dada yake. Amelipa, yuko pale pale, wala hana cha kuonyesha.

Upande wa pili kuna hasara ya mwenye kibanda. Waifai hata ikiwa na nywila, yaliyomo ndani ya fremu hufichwa, lakini anwani za MAC husafiri wazi hewani. Kijana mwenye laptopu husikiliza kidogo, hunakili anwani ya aliyelipa, huivaa. Wote wawili wakiwa hewani pamoja, mtandao unawayumbia, na anayelalamika huwa ni yule aliyelipa. Basi orodha ya MAC inamwumiza mteja mwaminifu na haimzuii mwizi. Nashangaa kwamba bado tunaifundisha kama njia ya ulinzi.

Mfano bora, wa haki isiyofungwa kwenye kifaa, umeshaonekana huko huko Kakuma. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipoanzisha mpango wa Bamba Chakula mwaka 2015, sehemu ya mgao wa chakula ilipitia laini ya simu. Simu ilipovunjika, laini ilihamishiwa nyingine na haki ya chakula ikahama nayo.

Msichanganye anwani ya MAC na IMEI, nambari inayokitambulisha kifaa cha simu kwenye mitandao ya rununu. Sheria ya Kenya inamzuia asiye mtengenezaji kuibadilisha IMEI, ili kuzuia wizi wa simu. Anwani ya MAC haivuki hata ruta ya kwanza. Ukifungua tovuti iliyoko Nairobi, seva yake haioni MAC ya simu yako kwenye pakiti zinazoifikia. Kuitwika kazi ya kitambulisho cha mtu ni kuitwika mzigo isioundiwa.

Ninachowaomba wenye vibanda ni hiki. Uzeni msimbo wa vocha, mteja aukariri au auandike, na uruhusu kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Ruta itaendelea kutumia MAC kupanga fremu za saa ile, na hapo hakuna neno. Ila haki ya kuingia iwe kwenye msimbo, ili anwani ikibadilika mteja auandike tena na aendelee na siku zake zilizobaki. Palipo na vifaa vinavyomudu, kila mteja apewe jina na nywila yake tangu kwenye waifai yenyewe, na mwenye kunakili MAC hatapata njia. Ruta nyingi za kawaida zinakubali kuwekewa programu huria ya OpenWrt yenye uwezo huo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaijua kazi hiyo. Mliokuja na ruta zenu leo, waonyesheni kabla hamjaondoka.