Kununua Nyumba katika Mitaa ya Zamani ya Kindu: Tuulize Kwanza Wasiokuwako

Maneno aliyoyasema memba mmoja katika mkutano mkuu wa mutualite yetu, hapa Kindu. Tumeyaandika karibu vile alivyoyatoa.

Nimeombwa kusema juu ya kununua nyumba katika mitaa ya zamani ya mji wetu. Siku hizi vijana wanaorudi wananiuliza swali moja: "Papa, niko na makuta kidogo. Ninunue ile nyumba ya matofali karibu na stesheni, ao nitafute parsele mpya pembeni ya mji?" Mimi sikuja kusema usinunue. Nimekuja kusema ununue namna gani, juu mimi mwenyewe nilipitia pande zote mbili za jambo hili.

Tukisema Kindu ya zamani, wote tunajua ni wapi. Ni ng'ambo hii ya Lualaba, Kasuku na Mikelenge, upande wa bandari na stesheni. Mbele ya Wabelgiji, Wangwana wa Nyangwe na Kasongo walikuwa wanapita na mto huu, njo maana lugha tunayoongea leo iko hapa. Kiisha kampani ya Baron Empain ikaleta reli. Karibu 1910 njia ya Kindu hadi Kongolo ikamalizika, na mji ukapewa jina Kindu-Port-Empain. Mizigo ilishuka kwenye wagoni na kuingia katika masua ya kuteremka hadi Ubundu. Watu walitoka mbali kwa kazi ya reli na ya mto. Wakapata parsele, wakachoma matofali, wakajenga, wakapanda miembe.

Nyumba za namna hii ni nzuri, hakuna anayebisha. Ukuta ni mnene, ndani kuna baridi hata saa nane ya mchana. Soko iko karibu, masomo iko karibu, kanisa na msikiti viko karibu. Na ukiwa mgonjwa usiku, jirani anasikia.

Lakini parsele ya zamani haina mwenyewe mmoja. Yule aliyejenga alikwisha kufa. Ameacha watoto, wajukuu, mjane, ndugu. Halafu ikaja vita. Mnakumbuka Oktoba 1998, mji ulipoingia katika mikono ya RCD. Mmoja alipita pori, mwingine akatafuta njia ya Kinshasa, mwingine ya Lubumbashi, mwingine akavuka Tanganyika. Nyumba zikabaki na ufunguo kwa mtu mmoja tu, yule ambaye hakuweza kukimbia ao hakutaka.

Mimi nilikuwa Nyarugusu, kule Kigoma. Papa yetu alikufa tukiwa ukimbizini. Niliporudi 2005, nilifika kwenye nyumba yetu na sanduku moja, nikapiga hodi mlangoni kwetu. Akatoka mama mmoja na mtoto mgongoni, akaniuliza: "Unatafuta nani, papa?" Sikujua nimjibu nini. Niliona nyuma yake alama ya ukutani, pale papa yetu alipokuwa anapima urefu wetu kila mwaka.

Baba mdogo alikuwa ameiuza. Alikuwa na njaa, na alifikiri sisi wote tulikufa. Bwana wa yule mama alilipa vizuri, mbele ya mashahidi wawili. Hakuiba. Alikuwa na karatasi, na alikuwa ameongeza vyumba viwili nyuma. Mimi nilikuwa na hasira, lakini kila usiku nilijiuliza: hasira hii ni ya nani? Yule mtu naye alikuwa mkimbizi, alitoka Punia.

Hatukuenda tribinali. Tulikaa na wazee wa mtaa, imamu na katekista pamoja, mara sita. Tukapatana: sisi watoto tumrudishie makuta yake na bei ya vile vyumba viwili, pole pole kila mwezi. Ilituchukua miaka mitatu na nusu. Yeye alinunua parsele Alunguli, ng'ambo ya mto. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana. Lakini yaya yangu na baba mdogo hawakusemezana tena mpaka baba mdogo alipokufa. Hiyo hakuna aliyeirudisha.

Basi, hapo mimi ni yule aliyeporwa. Sikilizeni sasa upande wa pili.

2012 nilikuwa nimechanga kidogo, nikataka nyumba kwa ajili ya mtoto wangu wa kiume. Mtu mmoja akanionyesha nyumba ya matofali, mabati mazima, kisima, mwembe mkubwa. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya jirani. Nilifurahi. Nilikuwa tayari kutoa avansi kesho yake. Jioni nikapita tena kuiangalia, na bibi mmoja wa upande wa pili wa avenue akaniita: "Mwanangu, unanunua kwa nani? Yule haiko mwenyewe. Yule njo mlinzi. Wenyewe walikwenda Kinshasa."

Naomba mnisamehe, lakini nitasema kweli. Wazo langu la kwanza lilikuwa: kama wangetaka nyumba yao, wangerudi. Maneno hayohayo watu waliyasema juu yangu nilipokuwa Nyarugusu.

Bibi akanipa namba ya simu. Nikapigia binti wa marehemu. Alinyamaza kwanza, kiisha akauliza kama mwembe ungali unazaa. Watoto walikuwa watano. Wawili walitaka kuuza, watatu walikataa. Sikununua. Iliniuma, siwafichi, na mtoto wangu alinuna mwezi mzima. Leo kuna mpangaji ndani, na makuta ya nyumba yanafika Kinshasa.

Sasa, kwa nini ninasisitiza hivi? Sababu ya sheria. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta. Kinachouzwa ni majengo pamoja na haki ya kukaa juu ya udongo, na haki ile inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika inayotolewa na konservatere wa titre za majumba na ardhi. Fishi ya parsele, karatasi ya sheffu wa kartiye, karatasi ya mashahidi wawili, zote zinasaidia kama ushuhuda, lakini haziko titre. Na sheria inasema tena kwamba sertifika ikishapita miaka miwili haiwezi kuvunjwa tena. Aliyenyang'anywa anabaki na kudai fidia tu. Miaka miwili ni nini kwa mtu aliye ukimbizini? Sheria hii inamlinda mnunuzi wa haki, lakini mjanja anaweza kuitumia kufunga mlango nyuma ya wasiokuwako. Tusiwe mikono yake.

Sheria ya jamaa ya 1987 nayo iko wazi. Watoto wote ni warithi wa kundi la kwanza, wavulana na wasichana sawasawa, hata waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwatambua. Mjane ana haki ya kubaki katika nyumba aliyokaa na bwana wake. Ndugu wa marehemu wako katika kundi la pili. Kwa hiyo baba mdogo peke yake hawezi kuuza nyumba yote, hata akiwa na njaa, hata akiwa na ufunguo. Na kama mwenye nyumba angali hai na ameoa, nyumba ya wote wawili haiuzwi bila mama kukubali. Ukiona bwana anauza na mama anatumwa sokoni siku ya kusaini, simama.

Basi kama unataka kununua, fanya hivi. Kwanza, kaa na majirani wazee, hasa wale mama wanaouza mbele ya nyumba zao. Uliza nani alijenga, alizaa wangapi, wako wapi. Pili, omba kikao cha jamaa, na kila mrithi asaini. Aliye mbali atume prokirasio iliyopita kwa notere, na wewe mwenyewe umpigie simu usikie sauti yake. Tatu, nenda kadastre na kwa konservatere wewe mwenyewe, usitume komisionere, uangalie jina gani limeandikwa na mipaka inafika wapi. Nne, andikeni kitendo cha kuuza mbele ya notere, na usitoe bei yote mpaka mutasio imeanza kwa jina lako. Tano, ngoja mvua moja kubwa kabla ya kulipa, uone maji yanapita wapi. Nyumba za zamani zinaficha mambo wakati wa kiangazi.

Na hapa ninageukia mutualite yetu. Kuna pendekezo mezani kwamba kasa ikopeshe mamemba kununua nyumba. Mimi ninaunga mkono, lakini kwa sharti moja: franka isitoke kama majina ya warithi wote hayajaandikwa katika dosie, na wasiokuwako hawajaulizwa. Kama hawajapatikana, tungoje. Bei nzuri ikipotea, ipotee. Ninyi wafadhili mliotupa mabati, ninawaomba muulize swali lilelile kabla ya kusaidia: paa hii inafunika nyumba ya nani? Bati jipya juu ya nyumba ya mwingine ni kesi mpya.

Sisi ni watu tuliorudi. Wengine wangali njiani, na kuna siku watapiga hodi na sanduku moja. Afazali wakute mlango ambao sisi tuliwaulizia.