Maganda ya Masikio Yangu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Katibu aliniomba niseme juu ya utumishi serikalini, lakini kwa ruhusa yenu nitasema juu ya kazi ya mikono, ile ambayo wengi wetu tuliikimbia tulipokuwa hapa.

Mimi huandika kumbukumbu za vikao kutoka kwenye vinasa sauti. Kwa miaka kumi na mitano nimekaa na visikilizi masikioni, dirisha likitazama barabara kuu. Visikilizi vya dukani havikunikaa vizuri. Kelele za magari zilipenya, nami nikazidi kupandisha sauti. Mwishowe sikio la kushoto likaanza kulia kama nyenje, usiku na mchana. Daktari akanieleza kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu.

Nikaamua kujitengenezea maganda yanayolingana na masikio yangu. Mara ya kwanza nilijimiminia silikoni sikioni bila kizibo cha pamba. Ikaganda ndani, muuguzi akaitoa kwa taabu, nami na shahada yangu tukaona haya. Mara ya pili nilimwachia yeye achukue umbo la sikio, kwa kizibo chenye uzi wa kuvutia.

Umbo hilo nililipaka nta, nikalitolea kalibu ya silikoni. Ndani ya kalibu nikatandika vipande vidogo vya kitambaa cha nyuzi za kaboni vilivyoloweshwa gundi ya epoksi, tabaka mbili, nikaacha siku nzima. Epoksi haishiki kwenye silikoni, hivyo ganda lilitoka bila shida.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, vumbi la nyuzi hizo si zuri kwa mapafu. Vaa barakoa na upige msasa ndani ya maji. Pili, kaboni hupitisha umeme. Kwa hiyo nilipaka epoksi tupu ndani kabla ya kuweka spika na nyaya. Tena huzuia mawimbi ya redio, ndiyo maana visikilizi vyangu ni vya waya.

Siku hizi nasikiliza kwa sauti ya chini, na kila neno nalipata. Mlio haujaondoka, wala daktari hakuniahidi kwamba utaondoka. Basi ninyi vijana mlio nyuma pale, punguzeni sauti leo, kwani sikio likishaharibika halina fundi.

Ndugu Mwenyekiti, mwalimu wetu wa ufundi, ambaye yupo hapa mbele, aliwahi kunipa alama 31 katika useremala. Ganda la kwanza nimemletea alikague. Nikishapata alama zangu nitakaa chini.