Mzee Anaumwa, Msameheni

Misibani kwetu kuna lile tangazo la kabla jeneza halijanyanyuliwa. Anasimama mmoja wa familia, anasema marehemu alikuwa binadamu, anayemdai aje tuzungumze, na kama alimkosea mtu tunamwombea msamaha. Anayedai hela za saruji atakuja, tena na daftari lake. Aliyechapwa waya wa umeme utotoni kwa kuvunja chupa ya chai haji. Mara nyingi yuko uani, anapika wali wa waombolezaji.

Namfahamu dada mmoja wa namna hiyo, na mdogo wake wa kike, huko Tanga. Baba yao bado yu hai, ila amepooza upande mmoja na ulimi umekuwa mzito; hata akitaka kuomba radhi, ataeleweka kwa taabu. Ukoo ukaitisha kikao, ukanywa chai, ukatoa uamuzi: mzee anaumwa, msameheni.

Kikao hakikujua kwamba hao wawili wenyewe walikuwa hawajawahi kulizungumza jambo lile la kipigo cha baba. Mkubwa ndiye aliyekuwa akijiweka mlangoni ili mdogo asiguswe. Mdogo amekua akimjua baba mkali kidogo, lakini anayerudi na kashata mfukoni. Basi miaka yote mkubwa akamwona mwenzake msaliti, na mdogo akamwona dada yake mtu wa kinyongo. Hadi siku moja wako jikoni, mdogo akanyoosha mkono kuchukua chumvi juu ya rafu, dada yake akajikinga uso kwa kiwiko. Mtu mzima, mwenye wajukuu! Mdogo akaushusha mkono, akaepua sufuria, akasema, "Dada, hebu niambie." Mchana ule watu walikula wamechelewa sana.

Kwangu mimi, kupona kwao kulianzia hapo, na baba hakuwamo kabisa katika mazungumzo hayo.

Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alikuwa mtoto wa nyumba kama hiyo. Baba yake akilewa, alimpiga mama yake, naye anaona. Mwaka 2014 yeye na binti yake Mpho walitoa kitabu kuhusu kusamehe, wakataja hatua nne: kusimulia yaliyotokea, kutaja maumivu, kusamehe, kisha kuujenga upya uhusiano au kuuachia. Kusamehe ni hatua ya tatu. Vikao vyetu huanza na hiyo, vikaishia hapo hapo. Na hiyo "au" ya hatua ya nne, nani katika wazee wetu ameshawahi kuitamka?

Haraka yao naielewa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Na hao ni vijana. Wazee waliokaa kwenye kikao kile cha Tanga walilelewa kwa fimbo ya zamani zaidi. Wakimsikiliza yule dada mkubwa mpaka mwisho, itabidi wajisikilize na wao.

Kuna wanaokimbilia sheria. Ni kweli, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ibara ya 31, unamtaka mtoto awaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Lakini ibara ya 16 ya mkataba huo huo inamkinga mtoto asiteswe wala kuumizwa akiwa mikononi mwa wanaomlea. Ukiishika ya 31, anza kwanza na ya 16.

Mabinti wale wamepanga mambo yao bila kikao. Mdogo anakwenda kumwogesha mzee na kumgeuza kitandani. Mkubwa anatuma hela ya dawa kwa simu kila mwezi, hajakosa, ila chumbani haingii. Anasema hamchukii tena, lakini miguu yake haijakubali. Mdogo hamshurutishi, na akiulizwa na majirani dada yako yuko wapi, anajibu, "Yupo, ndiye anayenunua dawa."

Shangazi zao wanasema huo si msamaha, ni kiburi. Sawa. Mimi ningependa kuwauliza shangazi hao walikuwa wapi waya ulipokuwa unatembea, maana nyumba zao na ile zinachangia ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni wa udongo.